Vitu vyenye kumbukumbu: kipi kibaki, kipi kiondoke?

Swali: Ninahama kutoka nyumba ya vyumba vinne kwenda ya vyumba viwili, na nina wiki nane. Nguo za kawaida, vyombo na samani nimeshavimaliza. Nimekwama kwenye chumba kimoja kilichojaa maboksi: vitu vya marehemu mama, gauni langu la harusi, madaftari na michoro ya watoto ambao sasa ni watu wazima, barua, picha zisizohesabika, na tuzo na zawadi za kazini. Kila nikikaa kuchambua nashika kitu, nakitazama, nakirudisha. Nitajuaje kipi nibaki nacho bila kuja kujuta?

Jibu: Dada, pole na kazi. Kinachokukwamisha ni swali unalojiuliza. Ukishika kitu kimoja peke yake ukauliza "kitoke au kibaki?", jibu litakuwa kibaki karibu kila mara, maana upande mmoja wa mizani amekaa mama yako na upande wa pili hakuna kitu. Swali linalojibika ni hili: katika vitu hivi kumi vinavyonikumbusha jambo lile lile, kipi kinalibeba vizuri kuliko vingine? Kulinganisha tunakuweza. Kukihukumu kitu tunachokipenda kikiwa peke yake hatukuwezi.

Kuna sababu. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya washiriki walipewa kikombe cha kawaida na wengine hawakupewa. Muda mfupi baadaye waliokuwa nacho walitaka takriban dola 7 ndipo wakiuze. Wasiokuwa nacho walikuwa tayari kutoa chini ya dola 3. Ikiwa kikombe cha dakika chache kinapanda thamani hivyo machoni pa mwenyewe, usishangae shali ya mama inakushinda. Mwaka 2009 Joann Peck na Suzanne Shu walionyesha kwamba hata kukigusa tu kitu kunaongeza hisia ya kukimiliki. Kwa hiyo siku ya kuchambua, tafuta mtu mtulivu, asiye na haja na vitu hivyo, awe ndiye anayevishika na kuvionyesha. Wewe kaa, tazama, amua. Utashika vilivyoshinda baadaye. Asiwe mtu wa kukuharakisha, na asiwe yule anayesema "hiki nacho utakitupa kweli?"

Pima nafasi kabla ya kufungua boksi

Nenda kwenye nyumba mpya na futi ya kupimia. Amua sasa hivi, kabla moyo haujaingia, kumbukumbu zitakaa wapi na zitachukua kiasi gani. Kwa nyumba ya vyumba viwili ningekushauri maboksi manne ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30, yaani lita 36 kila moja, pamoja na vile vitakavyotundikwa ukutani na vitakavyotumika kila siku. Vinavyotumika havihesabiwi. Bakuli la mama unalolitumia kila jioni limeshapata kazi, halihitaji kushindana na chochote. Ukianza kuchagua kwanza ukatafuta nafasi baadaye, nafasi itapanuka kuufuata moyo: chini ya kitanda, juu ya kabati, kwa jirani.

Boksi la ukubwa huo likijazwa karatasi peke yake linaweza kuzidi kilo 20, na chini yake huachia. Karatasi ziwe na boksi lenye nusu ya kimo hicho.

Angalia pia mahali penyewe. Dari yenye joto, stoo yenye unyevu na ukuta wa bafu ni makaburi ya kumbukumbu. Picha na karatasi zinataka chumba wanamoishi watu, mbali na dirisha, maboksi yakiwa yameinuliwa angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, na unyevu wa hewa kati ya asilimia 35 na 50 ikiwezekana. Kipima unyevu kidogo cha mezani kinatosha kukuonyesha. Hili linaingia kwenye uamuzi wenyewe: kitu usichoweza kukipa mahali pakavu utakipoteza polepole kwa ukungu na wadudu, hata kama hujakitoa. Afadhali vitano vilivyohifadhiwa vizuri kuliko hamsini vinavyoozeana.

Kabla chochote hakijatoka

Pekua. Mifuko ya makoti, bitana za mabegi, kurasa za vitabu, nyuma ya fremu za picha, bahasha zilizoandikwa "risiti". Watu wa zamani walificha fedha na hati katika sehemu hizo hizo. Hati za ardhi na nyumba, vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo, wosia, mikataba ya bima, vyeti vya shule: hivyo vyote viende kwenye jalada moja, na havishindanishwi na kitu.

Kama mirathi ya mama haijafungwa, usigawe wala kuuza chochote chake bila msimamizi wa mirathi kuridhia. Hata kijiko. Ugomvi mwingi wa ndugu unaanzia kwenye vitu vidogo vilivyoondoka kimya kimya.

Thamani ya fedha ni swali la peke yake. Lijibu mapema ili lisikuvuruge katikati. Tazama vito kwa kioo cha kukuzia. Alama ya 925 ni ya fedha halisi. 375, 585 na 750 ni za dhahabu ya karati 9, 14 na 18. Ukiona EPNS ujue ni madini ya kawaida yaliyopakwa fedha juu juu. Sarafu na nishani za zamani usizisugue hata kidogo, kwani kusafisha huondoa ngozi ya juu na bei huanguka papo hapo. Mpelekee mthamini asiyenunua mwenyewe. Na seti kamili ya vyombo, kama una nia ya kuiuza, usiitenganishe. Kama huiuzi, itenganishe bila huruma. Sahani mbili unazolia chakula zinakukumbusha mama kuliko kumi na mbili zilizofungwa magazeti.

Panga kwa mtu na kwa tukio

Nguo za kawaida tunazipanga kwa aina. Kumbukumbu zipange kwa mtu au tukio: rundo la mama, rundo la harusi, la kila mtoto, la kazini. Picha na barua ziweke kando, zina utaratibu wake. Kupanga huku ndiko kunakokuonyesha kwamba una vitu thelathini vinavyosema jambo moja.

Sasa chagua kuanzia juu. Usitafute cha kutoa. Tafuta kitu cha kwanza katika rundo la mama ambacho nyumba ikishika moto ungekibeba. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Hapo pumzika, utazame vilivyobaki na uulize: kati ya hivi, kipi kinaniambia jambo ambalo vile vitatu havisemi? Mara nyingi vitapatikana viwili au vitatu zaidi, halafu moyo wenyewe unaacha kuitika. Anayeanza na cha kutoa hulazimika kukikana kila kimoja, na hilo ndilo linalochosha.

Nikilinganisha vitu viwili vya mtu mmoja, haya ndiyo ninayoyapa uzito, na kwa mpangilio huu. Kwanza, alama ya mkono wake: mwandiko, mshono, mpini uliolika kwa kushikwa. Kitu alichokinunua akakiweka kabatini kinashindwa na kitu alichokichakaza. Pili, je, mtu asiyemjua atakielewa kwa sentensi moja iliyoandikwa kwenye kadi? Kama maelezo yanahitaji robo saa, kumbukumbu iko kichwani mwako na itabaki humo. Tatu, kinahifadhika? Nne, kuna mwingine anayekitaka kwa dhati? Ukubwa nauangalia mwisho, ila nauangalia: kabati zima la mama linaweza kuwakilishwa na kitasa chake cha shaba au droo moja utakayoigeuza kuwa sanduku la barua.

Andika kadi siku hiyo hiyo. Jina, mwaka kama unaujua, sentensi moja. Kitu kisicho na kadi, baada yako kitakuwa takataka ya mtu mwingine.

Fanya kazi asubuhi, dakika 60 hadi 90, kisha acha. Baada ya hapo watu huanza ama kutupa kila kitu kwa hasira ama kurudisha kila kitu kwa uchovu. Anza na rundo jepesi zaidi, la kazini. Tuzo nyingi ni kibao kidogo cha maandishi kilichobebwa na kilo moja ya mbao au plastiki. Fungua skrubu, bakiza kibao. Zawadi je? Zawadi hukamilika inapopokelewa. Aliyekupa alitaka ufurahi siku ile, na ulifurahi. Kama anakutembelea na ataiulizia, ibakize; kama hata yeye ameshaisahau, iende.

Gauni la harusi na nguo za mama

Gauni likihifadhiwa inavyotakiwa linahitaji boksi la kama sentimita 75 kwa 45 kwa 15, yaani lita 50. Hiyo ni zaidi ya boksi moja kati ya manne yako. Ukilitazama hivyo, linaacha kuwa swali la mapenzi na kuwa swali la nini kitoke ili lenyewe likae.

Ukiamua libaki, lisafishwe kwanza hata kama linaonekana safi. Jasho na vinywaji vya sukari huacha madoa yasiyoonekana ambayo huja kuwa ya kahawia baada ya miaka. Mwambie fundi wa kusafisha mahali kinywaji kilipomwagika. Toa pini zote, zinashika kutu. Lifungwe kwa karatasi laini isiyo na asidi, nyingine iviringishwe na kuwekwa ndani ya mikunjo. Mfuko wa plastiki wa dobi utupwe siku hiyo hiyo, hauruhusu unyevu kutoka. Kila mwaka au miwili likunjuliwe na kukunjwa kwa mistari mingine, la sivyo kitambaa hukatika pale pale kwenye kunjo. Kama kazi hii hutaifanya, kata kipande cha sentimita 30 kwa 30 chenye urembo, kiweke kwenye fremu, bakiza shela, na gauni lililobaki limpate anayelihitaji au fundi wa kushona nguo za watoto. Usilitunze kwa ajili ya binti ambaye hujamuuliza. Muulize leo, na umwache ajibu kweli.

Nguo za mama zina jambo la harufu. Bakiza moja bila kuifua, kwenye mfuko wa polithini unaofungwa kwa zipu, ukijua kwamba harufu itapungua tu mwaka hadi mwaka. Moja, si tano: jasho na mafuta ya mwili ndiyo yanayowavuta nondo, na viwavi vyao hutafuna sufu, hariri na manyoya, hata pamba ikiwa chafu. Nguo nyingine zifuliwe na kukaushwa sana. Yenye vitundu au vumbi la nondo, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi −18 kwa wiki mbili, kisha iache nje saa 24 kabla ya kuufungua mfuko, ili unyevu utue juu ya plastiki usitue kwenye kitambaa.

Watu hupenda wazo la kushonesha blanketi la vipande. Linafaa. Vipande 12 vya sentimita 35, vitatu kwa vinne, vinatoa blanketi la kama mita moja kwa mita moja na theluthi hivi za urefu baada ya mishono kuliwa. Fulana zinavutika, kwa hiyo fundi abandike kitambaa kigumu cha pasi kwa nyuma kabla ya kukata, vinginevyo miraba itapinda. Lakini boksi la "nitakuja kushonesha" ni boksi jipya la vitu ulivyoshindwa kuamua. Kama vitambaa havijafika kwa fundi kabla ya wiki ya sita, viondoke.

Madaftari na michoro ya watoto

Wenyewe ni watu wazima, basi waitwe. Ila usiwaulize "mnavitaka?" Watajibu "tuwekee". Waambie: atakayetaka chake aje achukue kabla ya tarehe fulani, na kisichochukuliwa nitakichagulia mimi. Siku 14 zinatosha. Aliye mbali mtumie picha zenye namba. Ndugu zako nao wapewe tarehe hiyo hiyo kwa vitu vya mama. Wawili wakitaka kimoja, wapige kura ya nani aanze kuchagua, kisha mzunguko wa pili uanze na aliyekuwa wa mwisho. Orodha ya nani kachukua nini iandikwe na wote waione.

Kwa kila mtoto weka jalada moja la karatasi. Kila mwaka wa shule utoe ukurasa mmoja wa maandishi, mchoro mmoja, ripoti moja na kimoja cha ziada kama kipo. Miaka 12 inatoa karatasi zisizozidi 50, na karatasi 50 za kawaida zina unene wa milimita 5 tu. Umeona? Mtoto mzima anaingia kwenye nafasi ya daftari moja. Chagua penye akili yake: alipofuta akaandika upya, alipoieleza familia, alipokosea kwa namna ya kuchekesha. Mazoezi yaliyojaa alama za vyema yanafanana duniani kote. Michoro iliyobandikwa mbegu au tambi ipige picha uiachie, wadudu wanaipenda kuliko wewe. Mchoro mkubwa ulaze karibu na dirisha, zima mwanga wa kamera, shika simu sambamba na karatasi.

Barua

Usizisome wakati wa kuchambua. Barua moja inakula dakika kumi na siku nzima ya moyo. Zipange kwa mwandishi kwa kutazama bahasha tu, kisha ujue ni waandishi wangapi wana uzito kwako. Kadi zenye maneno yaliyochapwa kiwandani na sahihi chini ziondoke zote. Za kubaki ni zile ambamo mtu anajieleza mwenyewe au anasimulia tukio. Kumbuka zina siri za watu wengine: ambazo hutaki zisomwe baada yako zikatwekatwe vipande, zisitupwe nzima.

Zinazobaki, toa pini, vibanio na mipira, kwani chuma kinashika kutu na mpira unayeyuka na kuganda. Zikunjue zilale bapa. Kipande cha gazeti kisikae na barua. Karatasi yake ina asidi na itaipaka manjano jirani yake. Kinakili kwenye karatasi nzuri, gazeti liende.

Picha: hapa usiogope

Nimeziacha karibu na mwisho kwa makusudi. Picha zinatisha kwa wingi, lakini nafasi zinachukua kidogo. Picha 1,000 za sentimita 10 kwa 15, zikisimamishwa kama kadi, ni urefu wa kama sentimita 25. Kinachojaza chumba ni albamu. Kwa hiyo, kama wiki zimekuishia, zitoe picha kwenye albamu, uhame nazo, uzichambue ukiwa umetulia.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika ndizo adui mkubwa zaidi. Gundi huganda na plastiki ya PVC hutoa mvuke unaoharibu rangi. Pitisha uzi wa meno chini ya picha, polepole, kutoka kona moja; ikigoma usilazimishe, piga picha ukurasa mzima kwanza. Mifuko mipya iwe ya poliyesta, polipropilini au polithini.

Za kwanza kutoka ni nakala, zilizotikisika, mandhari zisizo na mtu, na tukio moja lililopigwa mara kumi: bakiza mbili. Za watu usiowatambua usizitupe bado. Kaa na mzee wa ukoo kikao kimoja, simu ikirekodi sauti, kila picha ikiwa na namba. Nyuma ya picha za zamani za karatasi andika kwa penseli laini, bila kukandamiza. Picha za kisasa zinazong'aa hazishiki penseli, na wino wa kalamu ya kawaida hupakaa picha inayofuata. Andika kwenye bahasha yake.

Kuskani: picha ya kawaida 600 dpi (yaani nukta 600 kwa kila inchi) inatosha, na ile ya 10 kwa 15 itatoa kama pikseli 2,400 kwa 3,600. Barua 300 dpi ya rangi. Negativu za milimita 35 zinahitaji 2,400 hadi 4,000. Mikanda ya video iwahiwe kuliko vyote: utepe wa sumaku unachakaa hata ukikaa tu, na Funai, kampuni ya mwisho kubwa kutengeneza mashine za VHS za kuchezea mikanda hiyo, iliacha mwaka 2016. Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Na usiachane na cha asili mpaka umefungua nakala kwenye mashine tofauti na ile uliyoskania.

Kupiga picha kitu unachokitoa kunasaidia kweli. Karen Winterich, Rebecca Reczek na Julie Irwin walichapisha mwaka 2017 utafiti ambamo wanafunzi wa mabweni waliohimizwa kupiga picha vitu vyao vya kumbukumbu kabla ya kuvitoa walitoa vingi zaidi, kwa takriban asilimia 15. Piga moja, rekodi sauti yako sekunde 30 ukieleza, basi. Kitu ambacho utamu wake ni kushikwa, kama blanketi au kinu, picha haitakiokoa. Hicho ndicho cha kukipa nafasi kwenye boksi.

Kuhusu kujuta

Majuto makubwa hutokana na vitu vya pekee vilivyotoka siku ya hasira, ya msiba au ya uchovu. Basi gawa vinavyotoka mafungu mawili. Vinavyopatikana kwingine, kama vikombe, vitabu vya dukani na mapambo, viondoke ndani ya wiki, maana vikikaa mlangoni vitarudi ndani. Vya pekee vilale usiku tatu kabla ya kutoka. Uamuzi ukiwa ule ule siku ya nne, vinatoka.

Ruhusu boksi moja la shaka, moja tu, ndani ya yale manne. Lifunge kwa gundi, andika tarehe ya miezi sita mbele. Ulichokikumbuka na kukitafuta kabla ya hapo, kitoe humo ukibakize. Vingine mwenzako aviondoe siku hiyo bila wewe kulifungua "kuangalia tu", kwa kuwa hapo ndipo kazi yote inapoharibika. Hati na vito visiingie humo.

Kila kinachotoka kiwe na mahali kinapokwenda kwa jina kabla hakijavuka mlango. Makumbusho na nyaraka za taifa au chuo wanapenda karatasi na picha zenye majina na tarehe, lakini uliza kwanza, tarajia kusaini hati ya makabidhiano, na usitegemee kwamba vitaonyeshwa hadharani. Midoli ya zamani iliyopakwa rangi inaweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu, kwa hiyo isigawiwe watoto. Kiti cha mtoto cha gari kina tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye plastiki yake. Simu na kompyuta: nakili, futa, na kama betri imevimba usiibonyeze wala kuitupa kwenye taka za kawaida, peleka kwa wanaokusanya vifaa vya umeme.

Ulivyoeleza, umeweza nguo na samani, umekwama chumba kimoja. Hilo ni la kawaida kabisa. Ingekuwa kitanda hakilaliki, njia za kutokea zimezibwa, na hata risiti ya zamani inakuumiza kuitupa, ningekuelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Tangu 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili wa Marekani kimeitambua hali hiyo kuwa tatizo linalojitegemea, na kumwagia mtu vitu vyake nje kwa nguvu humzidishia.

Wiki zako nane zigawe hivi: ya kwanza kupima, kupekua na kuwatangazia ndugu, ya pili na ya tatu vitu vya kazini na vya mama, ya nne nguo, ya tano madaftari, tarehe ya watoto ikiwa imeshapita, ya sita barua, ya saba kuzitoa picha kwenye albamu na kupeleka mikanda ya video kunakiliwa. Ya nane usichambue chochote. Funga, andika pembeni mwa kila boksi jina la mtu au tukio, na yale manne uyasafirishe mwenyewe, yasipande gari la mizigo.